Siku Moja Iliyozidi kwenye Daftari la Mama Wuraola

Leo, Alhamisi tarehe 5 Septemba 2024, Bi. Wuraola Oyediran, Msimamizi wa Vitalu vya Majaribio katika Kituo chetu cha Mboga cha Oke-Alapo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Hiyo ni hesabu ya ofisi, na ndiyo iliyochapwa kwenye barua yake. Yeye mwenyewe anasema ni miaka thelathini na sita. Nawaomba wageni waalikwa wasicheke mapema, maana hapa kituoni tuliwahi kuzidharau hesabu za mama huyu na tukajuta.

Aliajiriwa tarehe 5 Septemba 1989 kama kibarua wa palizi. Wiki ya pili tu alimwendea msimamizi wa wakati huo akamwambia kwamba matuta mawili ya matango yamebadilishiwa vibao, yeye ameona kwenye majani. Msimamizi akamjibu apalilie, habari ya vibao awaachie wenye vibao. Matunda yalipotoka, yale yaliyoandikwa mafupi yakawa marefu na yale marefu yakawa mafupi. Msimamizi alinuna siku tatu, kisha akampa daftari na penseli. Tangu hapo hakuna tango lililochumwa Oke-Alapo bila jina lake kupita mikononi mwa Mama Wuraola.

Kwa wasioijua kazi yetu: tunapanda aina kadhaa za matango bega kwa bega, udongo mmoja, maji yaleyale, mbolea ileile, halafu tunangoja kuona ipi inawahi na ipi inazaa zaidi. Ugomvi wetu wote uko kwenye maneno hayo mawili, kuwahi na kuzaa. Mkulima wa Ogbomoso anayefika sokoni wiki moja kabla ya wenzake anauza akiwa ameketi. Anayechelewa anawabembeleza wateja mpaka jioni na kurudi na nusu ya vikapu nyumbani. Lakini tango linalowahi mara nyingi ni chovu, linakupa matunda manne matano, linajikunja, basi. Na linalozaa sana linakuja kwa mwendo wa bwana harusi. Kupata tango moja lenye sifa zote mbili ni kazi ya nusu ya maisha ya mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyu tunayemuaga.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja na haikubadilika. Kila jaribio lilikuwa na kopo lake tupu la maziwa ya unga, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Siku ya kupanda, mbegu ya mwisho ikishafukiwa, Mama alinawa mikono na kutia kokoto la kwanza koponi. Kila asubuhi kabla jua halijachomoza alipita kwenye vitalu, akatia kokoto lingine, akaangalia maua. Tango la kwanza likichumwa, alimwaga kopo mezani, akahesabu, akaandika idadi ya siku daftarini. Wakurugenzi sita walikuja na kuondoka, kompyuta zikaja, zikaharibika, zikaja nyingine, na makopo yakabaki palepale rafuni.

Na ukweli wa daftari lile ulikuwa wa kutisha. Mwaka 1997 mbuzi wa mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliingia usiku akamaliza kitalu kizima. Mama hakukadiria wala hakuacha nafasi wazi. Kwenye safu ya uzito aliandika neno moja, "Mbuzi", na neno hilo likapita bila kuonwa na mtu mpaka kwenye ripoti ya mwaka iliyojalidiwa. Mkurugenzi mmoja, marehemu sasa, alichuma tango la majaribio akalitafuna akiwa anatembea. Mama alimsimamisha, akakitazama kipande kilichobaki mkononi, akaandika mbele yake: "Moja, tumbo la Mkurugenzi, gramu mia mbili na themanini." Marehemu alikuwa akikisimulia kisa hicho yeye mwenyewe kila Krismasi.

Mwaka 2009 aliona shina moja katika mstari wa tatu limetoa ua la kike siku kadhaa kabla ya wenzake. Alichana pindo la kilemba chake chekundu, akalifunga shina lile, akawaambia madaktari wetu wa utafiti kwamba yeyote atakayechuma tango hapo atakutana naye. Mbegu zake zilipandwa, zikachaguliwa, zikapandwa tena. Uzao huo ukapewa namba saba. Mwaka 2014 namba saba iliingizwa kwenye shindano lenyewe, aina sita, vitalu vinne kwa kila aina, kwa misimu mitatu, na kati ya hizo sita kulikuwa na mbegu chotara kutoka nje iliyosifiwa kila mahali. Kamati ya kupitisha mbegu ilikuwa imeweka sharti kwamba tango litakaloitwa la mapema lichumwe ndani ya siku thelathini na saba tangu kupandwa. Likizidi hata moja, halipiti.

Hapo ndipo anapoingia Dkt. Terver Agbidye, ambaye namwona pale mstari wa mbele akijifunika uso kwa ratiba. Alikuja kwetu mwaka 2015 kuongoza utafiti. Amelelewa Kaduna, kule kaskazini, amesoma ng'ambo, ni mtu makini ajabu. Msimu wa tatu ulipokwisha alichukua karatasi za mizani, ambazo huandikwa ghalani na mtu mwingine, akatoa tarehe ya kupanda kwenye tarehe ya kuchuma. Namba saba ilipandwa tarehe 4 Aprili, ikachumwa tarehe 11 Mei. Kompyuta ikasema siku thelathini na saba. Daftari la Mama likasema thelathini na nane. Akaangalia aina nyingine, siku moja imezidi. Akarudi msimu wa kwanza na wa pili, siku moja imezidi. Vitalu sabini na viwili, na kila kimoja kina siku moja ya ziada.

Aliniita mimi, karani wa takwimu.

"Mufutau, tazama hii. Mtu hakosei siku moja ileile mara sabini na mbili. Mmoja kati ya hawa wawili anatunga. Na wa ghalani ana tarehe, na mihuri, na sahihi. Huyu mama yako anajaza daftari nyumbani huku anatwanga viazi vikuu."

Nilisema nini? Sikusema lolote. Nasema hapa mbele ya watu wote ili nisije nikasahau. Nimezaliwa mji huu, nimemjua Mama kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilinyamaza.

Aliitwa ofisini. Dkt. Terver alimuuliza kwa adabu, lakini adabu ile ya hakimu.

"Mama, namba saba, kupanda mpaka kuchuma, siku ngapi?"

"Thelathini na nane, Daktari."

"Una hakika?"

"Kopo liko rafuni. Nenda ukahesabu."

"Mama, mimi sikusoma miaka yote ile nije kuhesabu kokoto."

"Basi niamini mimi niliyezihesabu."

Hakuaminiwa. Ikaamuliwa kwamba Jumatatu iliyofuata, ya wiki ya tatu ya Julai, atakabidhi daftari na kuhamia banda la kuoshea makreti, na kwamba kamati iandikiwe barua kuwa takwimu zote za matango za Oke-Alapo, misimu yote mitatu, zisitumike. Maana yake kila mmoja wetu aliielewa. Kamati isingekaa tena kwa miaka mitatu, na namba saba isingepewa ardhi nyingine. Tango ambalo Mama alilifunga kilemba chake lingekufa, na yeye angebaki na sifa ya mwongo miaka minane kabla ya kustaafu. Barua ile niliichapa mimi, nikaitia kwenye bahasha, nikailamba gundi.

Haikwenda siku ileile kwa sababu dereva wetu Sunkanmi alikuwa likizo. Mkewe alikuwa amejifungua Jumamosi.

Sijui kama naweza kueleza ile wiki ilivyokuwa. Mama hakulia wala hakugomba. Alfajiri alipita kwenye vitalu kama kawaida, akatia kokoto kwenye kopo la bamia. Lakini wanaotujua wanajua kwamba tangu nianze kazi ameniita Akanbi, jina ambalo mama yangu mzazi alinibembelezea nikiwa mgongoni, na ofisini hakuna mwingine anayelitumia. Wiki ile aliniita Karani. "Karani, habari za asubuhi." "Karani, nipishe nipite." Ningependa zaidi anizabe kofi.

Jumamosi tukaenda kwa Sunkanmi kumpa mtoto jina. Asali ikalambishwa, chumvi ikaonjeshwa, majina yakamwagwa kutoka kila upande wa ukoo, watu wakala wakacheza. Mama aliketi upande wa pili wa turubai, mbali nami. Dkt. Terver hakuonekana, na wazee wakanong'ona kwamba huyo mgeni anajiona.

Kumbe alikuwa anajiandaa. Jumapili kabla ya adhuhuri nilikuwa pale nikikusanya viti vya kukodi nilivyokuwa nimevidhamini, mara gari lake likasimama. Akashuka amevaa agbada, lile joho letu pana, mpya ya buluu, pasi imenyooka, mfuko wa mchele begani. Turubai lilikuwa chini limekunjwa. Masufuria yalikuwa yamelowekwa. Bibi wa mtoto, mama mzazi wa mke wa Sunkanmi, akanyanyua uso kutoka kwenye beseni.

"Karibu, Daktari! Umekuja kutusaidia kusugua?"

"Nimekuja kwa ajili ya jina la mtoto, Mama. Si mlisema siku ya nane?"

"Ndiyo. Jana. Mtoto ana majina kumi na moja sasa, na wageni wamekula mpaka ukoko."

"Lakini Jumamosi mpaka Jumamosi ni siku saba."

Bibi akajifuta povu, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa chekechea, akaanza kumkunja vidole. "Jumamosi kazaliwa. Moja."

"Hapana, Mama, hiyo ndiyo siku aliyozaliwa. Moja ni Jumapili."

"Hee! Kwa hiyo Jumamosi hakuwapo duniani? Sasa binti yangu alikuwa anapiga kelele za nini?"

Wanawake wote kwenye masufuria waliangua kicheko. Bibi hakumwachia mkono. "Jumamosi, moja. Jumapili, mbili. Jumatatu, tatu..." mpaka akamfikisha nane, na nane ilikuwa jana. Dkt. Terver alibaki ametazama vidole vyake vilivyokunjwa. Mchele ulianza kuteleza begani. Kisha akageuka akaniona nimebeba viti.

"Mufutau. Kopo la Mama Wuraola. Kokoto la kwanza anatia lini?"

"Siku ya kupanda," nikasema.

Mimi nahesabu hivyo tangu nijue kusema. Nyumbani kwangu watoto wote wamepewa majina kwa hesabu hiyo, na soko la kwetu, la kila siku ya tano, nalifuata kwa hesabu hiyo. Ila nikivuka mlango wa ofisi nahesabu kama kompyuta, na kwa miaka kumi na mitatu niliyokuwa naingiza namba za Mama sikuwahi kugundua kwamba nina hesabu mbili. Wala halikuwa kosa lililomdhuru mtu, kwa kuwa aina zote zilihesabiwa na mkono mmoja, na iliyotangulia ilibaki imetangulia. Ila kamati ilipoweka sharti la siku thelathini na saba, siku moja ikawa kitu kikubwa.

Tukaenda kwa Mama moja kwa moja, mimi, Daktari na mchele. Alikuwa ametoka kanisani, yuko barazani anatwanga viazi vikuu kweli. Dkt. Terver alifika mbele yake, akalala kifudifudi chini, mwili mzima, kama kijana wa Kiyoruba aliyelelewa vizuri, na ile agbada ya buluu na vumbi lake.

"Daktari, inuka," Mama akasema. "Vumbi hili halitoki kwa sabuni."

Daktari akamweleza. Mama akasikiliza, mchi mkononi.

"Kwa hiyo nyinyi mnaanza kuhesabu kesho yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Na siku yenyewe ya kupanda mnaitupa wapi?"

Daktari anaitafuta mpaka leo. Ndipo Mama akanigeukia mimi. Nilikuwa bado nimeshika kiti kimoja cha kukodi, sijui kwa nini.

"Akanbi," akasema, "na wewe ulikuwa unaitupa?"

Nililia. Sina haja ya kuficha, Daktari aliona, na yeye hakuwa na haki ya kucheka siku ile. Ilikuwa raha kuitwa tena jina langu, na aibu ilikuwa humohumo ndani ya raha. Mama akatupakulia wote wawili, tukala.

Jumatatu nilichana ile bahasha vipande vinne na kuchapa barua nyingine. Lakini Dkt. Terver alisema barua haitoshi. Alikwenda Abuja mwenyewe na kopo la maziwa chini ya kwapa, walinzi wa lango wakalifungua mara mbili. Mbele ya kamati alimwaga kokoto mezani, akawaomba maprofesa wahesabu. Thelathini na nane. Akachukua moja, akaliweka kando. "Hili ni la siku ya kupanda," akawaambia. "Huyu mama hakukosea hata siku moja. Sisi ndio tulioitupa." Kisha akaweka daftari na karatasi za mizani ubavu kwa ubavu, vitalu sabini na viwili, na vyote vikakubaliana bila kuachana hata mara moja. Mzee mmoja wa kamati alisema hajaona takwimu safi namna ile tangu aanze kukaa kwenye kiti kile.

Namba saba ikapita. Iliwahi kuliko zote sita, na kwa uzito wa mavuno ikawa ya pili. Ile chotara iliizidi kidogo sana, lakini ilikuja siku tisa nyuma, wakati soko limeshajaa. Habari ilipotufikia kwa simu, watu walitoka ofisini wakapiga masufuria ya kantini. Mama alikuwa kwenye bamia, akauliza kelele za nini, akaambiwa, akasema "Nilijua," akaendelea kuangalia maua. Baadaye nilimwona amekaa peke yake nyuma ya ghala amejifunika uso kwa kilemba, mabega yanatikisika, nikapita kimya.

Alikataa tango lake lipewe jina papo hapo. Alisema kiumbe hupewa jina siku ya nane. Tukangoja. Siku ya nane tulimlambisha kila mtu asali, tukatia chumvi kwenye udongo, na Mama akaliita Tetede, yaani aliyefika mapema. Dkt. Terver alifika saa moja asubuhi, kabla ya viti.

Leo Tetede inalimwa kutoka Iseyin mpaka Ilorin na kupita huko, na wengi wanaoipanda hawajui habari za kilemba chekundu. Fomu zetu za majaribio zina mstari mpya juu kabisa, ulioandikwa "Kokoto la kwanza: lini?" na hakuna mgeni anayepewa daftari hapa kabla hajaujaza. Mama amewafundisha kazi vijana ishirini na wanne, na tisa kati yao sasa ni mabwana na mabibi shamba katika majimbo mengine. Dkt. Terver, aliyehamia Abuja, aliombwa afike leo. Alifika jana, kwa tahadhari.

Mama Wuraola, kituo kinakushukuru. Tunakushukuru kwa maelfu ya alfajiri, kwa penseli zilizoisha hadi urefu wa kidole, kwa kila tunda uliloliandika jinsi lilivyokuwa na si jinsi tulivyotaka liwe. Mimi binafsi nakushukuru kwa sahani ya ile Jumapili. Ofisi itaendelea kuandika miaka thelathini na mitano, mfumo hauruhusu vingine. Sisi tuliofanya kazi nawe tumeandika thelathini na sita kwenye keki, na mpishi ametulaumu kwamba tumemharibia.

Mezani mbele yako kuna zawadi kutoka kwa wafanyakazi wote. Ni kopo tupu la maziwa ya unga, limepakwa rangi upya. Kando yake liko kokoto moja, lile ambalo Dkt. Terver aliliweka kando mbele ya kamati na kulitunza miaka minane. Barua yako inasema mapumziko yanaanza kuhesabiwa kesho. Usiwasikilize. Nawa mikono, Mama, litie koponi sasa hivi, maana maisha mema tunayokutakia yameanza leo, na leo inahesabiwa.

Mufutau Akanbi Adeagbo
Karani wa Takwimu, kwa niaba ya wafanyakazi wa Oke-Alapo